Majani ya Vitunguu Yakikosekana Doha, Uweke Nini Badala Yake?

Nyumbani, fungu la majani ya vitunguu halimnyimi mtu usingizi. Unamtuma mtoto gengeni, anarudi nalo likiwa bado na udongo kwenye mizizi, na chenji juu. Hapa Doha ni hadithi nyingine. Miezi ya baridi utayakuta mabichi na ya bei nafuu. Ukifika Julai unayakuta yamelala kwenye trei ya plastiki, ncha zimegeuka njano, na siku nyingine rafu iko tupu kabisa. Nawe tayari umeshakanda unga wa sambusa na wageni wako njiani.

Hapo ndipo swali linapotumwa kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, sina majani ya vitunguu, niweke nini?" Majibu huja haraka. Mmoja anasema weka kitunguu cha kawaida, mwingine anasema weka kotimiri, wa tatu anasema weka liki, wa nne anasema acha tu, tupia kidonge cha mchuzi. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, na kila mmoja anaweza kuharibu chakula au kumdhuru mlaji. Jibu linategemea mambo mawili ambayo mara nyingi hatuyaulizi: majani hayo yalikuwa yanafanya kazi gani chunguni, na ni nani atakayekila chakula hicho.

Mimi ni muuguzi. Nilianza na stashahada nyumbani Tanzania, nikasoma shahada nje, na sasa nafanya kazi hapa Doha. Katika nyumba yetu tunapika kwa zamu watu wanne: mimi, dada wawili wa Kenya na mmoja wa Uganda. Kwa hiyo mbadala karibu zote nitakazozitaja zimepita kwenye sufuria zetu. Na zile tahadhari za mwisho ni mambo ambayo kazi yangu inanitaka niyafahamu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini

Wengine huyaita majani ya vitunguu, wengine vitunguu majani au vitunguu vya majani. Ni ule mmea mwembamba wenye sehemu nyeupe chini, karibu na mizizi, na majani ya kijani yenye uwazi ndani kama mrija. Yanayouzwa madukani huwa ya aina mbili zinazofanana sana. Aina ya kwanza ni kitunguu cha kawaida kilichong'olewa kikiwa kichanga, kabla hakijafanya tunguu. Ya pili ni jamii nyingine ambayo haifanyi tunguu kubwa hata ikikaa shambani mwaka mzima. Kwa mpishi tofauti ni ndogo.

Kitu cha muhimu zaidi ni kwamba mmea huu una sehemu mbili zenye tabia tofauti. Ile nyeupe ina ukali na utamu wa kitunguu, na inastahimili moto. Ile ya kijani ina harufu nyepesi, rangi na ubichi, na hupoteza sifa zake ikipikwa muda mrefu. Mapishi yanapotaka majani ya vitunguu, jiulize yanataka sehemu ipi. Ukishajua hilo, nusu ya kazi ya kutafuta mbadala imekwisha.

Kabla hujasema hayapo, hakikisha umeuliza kwa jina ambalo muuzaji analijua. Kwa Kiarabu ni "basal akhdar", yaani kitunguu cha kijani. Wahindi na Wapakistani wanaozungumza Kihindi au Kiurdu husema "hara pyaz", maana ni ileile. Muuzaji wa Kerala ukimwambia "ulli thandu" atakuonyesha mara moja. Na wenzetu Wafilipino husema "dahon ng sibuyas", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno ni majani ya kitunguu, sawasawa na tunavyosema sisi. Mara nyingi duka dogo la mtaani linayo nyuma kwenye friji, ila hukuuliza kwa jina lao.

Kwa nini hapa huadimika

Qatar ni jangwa. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na majani laini hayavumilii hali hiyo shambani wala kwenye lori. Mashamba ya hapa huleta mboga nyingi katika miezi ya baridi, kuanzia karibu Novemba hadi majira ya joto yanapoanza. Wakati huo masoko ya msimu ya wakulima, kama lile la Al Mazrouah na lile la Al Wakra, huwa yamejaa majani ya kila namna. Msimu ukiisha, sehemu kubwa ya mboga za majani hutoka nje ya nchi, na chochote kinachotikisa njia za usafirishaji kinatikisa rafu za duka.

Waliokuwa hapa Juni 2017 wanakumbuka. Tarehe 5 mwezi huo Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na mpaka wake pekee wa nchi kavu, ule wa Saudi Arabia, ukafungwa hadi Januari 2021. Chakula kikaanza kuletwa kwa ndege na meli kutoka nchi nyingine, zikiwemo Uturuki na Iran. Halafu Desemba 2023 serikali ya India ilizuia vitunguu vya kawaida kuuzwa nje ili kupunguza bei kwa wananchi wake, na zuio hilo halikuondolewa hadi Mei 2024. Ghuba yote hutegemea sana kitunguu cha India, kwa hiyo hata kile kitunguu chekundu tunachokidharau kilipanda hadhi.

Kwa hiyo kujua mbadala ni sehemu ya kuishi huku, kama vile kujua duka lipi lina unga wa sembe.

Uliza: yalikuwa na kazi gani?

Majani ya vitunguu hufanya kazi nne jikoni, na katika chakula kimoja yanaweza kufanya mbili au tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni kuwa msingi wa ladha. Hapa unakaanga ile sehemu nyeupe kwenye mafuta kabla ya kuweka nyanya au nyama. Ya pili ni ukali mbichi, kama kwenye kachumbari. Ya tatu ni harufu na rangi ya mwisho, pale unaponyunyizia kijani juu ya supu, mayai au wali. Ya nne ni unyevu na wepesi ndani ya kitu kilichofungwa, kama sambusa au katlesi, ambako majani huzuia nyama isiwe kavu na nzito.

Hakuna mbadala mmoja unaofanya kazi zote nne vizuri. Anayekwambia "weka kitu fulani tu" bila kukuuliza unapika nini, anabahatisha.

Mbadala zinazopatikana Doha

*Kitunguu chekundu cha kawaida.* Kinapatikana kila duka na kinafaa kwa kazi ya kwanza bila shida. Kwa kazi ya pili kina ukali kupita kiasi. Fanya kama mama zetu wanavyofanya: kikate chembamba sana, kisugue na chumvi, kisuuze mara mbili kwa maji baridi, kisha kamulia ndimu. Kitunguu kikikatwa, seli zake hupasuka na vimeng'enyo vyake hutengeneza ile kemikali inayowasha macho na ulimi. Maji huondoa sehemu ya ukali huo, na ndimu huupooza. Anza na robo tu ya kiasi cha majani uliyokusudia kuweka, kisha onja.

*Vitunguu vidogo vyekundu.* Hivi vinauzwa sana kwenye maduka ya watu wa Kerala, vidogo kama gololi kubwa. Ni vitamu na havina ukali mwingi. Vikikatwa vyembamba vinafaa kwa kachumbari na kwa kukaangia mayai kuliko kitunguu kikubwa. Kazi yake ni kuvimenya, maana vinachosha. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ganda litatoka kwa urahisi.

*Liki.* Ile mirefu, minene, yenye majani bapa. Ni ndugu mpole wa kitunguu, na sehemu yake nyeupe na ya kijani hafifu inafaa sana kwa supu, mchemsho wa samaki au kuku, na ndizi za nyama. Haifai kuliwa mbichi kwa wingi kwa sababu ina nyuzi. Ikaange taratibu hadi ilainike. Na ipasue katikati kwa urefu kabla ya kuiosha, kwa sababu mchanga hujificha katikati ya matabaka, na mchanga kwenye supu hauna radhi.

*Kurrath.* Hili ndilo jani ambalo wageni wengi hulipita bila kuliona. Ni jamii ya liki yenye majani membamba bapa, hufungwa mafungu, na watu wengi wa Ghuba huliita "bagal". Wenyeji hulila bichi pembeni ya wali na samaki. Harufu yake iko kati ya kitunguu na kitunguu saumu, na ni kali kuliko majani ya vitunguu. Tumia nusu ya kiasi. Kwenye sambusa na kwenye mayai ni zuri sana, na kwa bei mara nyingi linakuwa rahisi kuliko majani ya vitunguu yaliyosafiri kwa ndege. Angalia tu usilichanganye na mafungu mengine yanayopangwa karibu yake, kama jarjiri, ambayo ina ukali wa figili na haihusiani na vitunguu.

*Majani bapa ya Kiasia.* Kwenye maduka ya Wafilipino huitwa "kutsay". Yanafanana na majani ya nyasi, na yana harufu ya kitunguu saumu. Yanakubali moto wa haraka, kwa hiyo ni mazuri kwa wali wa kukaanga na tambi. Usiyaweke mapema.

*Chaivu.* Ni majani membamba kama sindano za kufumia, yanauzwa kwenye vijisanduku vidogo kwa bei isiyolingana na ujazo wake. Ndiyo yanayofanana zaidi na ncha za kijani kwa ladha, ila ni mapole. Yanafaa kunyunyizia tu. Ukiyapika yanapotea kama hayakuwepo.

*Kotimiri*, au giligilani au dania, kutegemea umetoka wapi. Inaleta kijani na harufu, lakini haina ladha ya kitunguu hata chembe. Ikiwa unaitumia kwa kupamba supu, sawa. Ikiwa unataka ladha, changanya na kitunguu chekundu kidogo kilichosuuzwa. Mchanganyiko huo ndio mbadala wetu wa kila siku, na wageni wengi hawatambui.

*Unga wa kitunguu.* Unaingia vizuri kwenye nyama ya kusaga au mchanganyiko wa kukaangia kuku. Robo kijiko cha chai kwa sufuria ya watu wanne inatosha kuanzia. Soma lebo vizuri, kwani kuna chupa inayofanana nayo ambayo ni chumvi iliyotiwa kitunguu. Ukiimimina kama unga, chakula kitakuwa cha kutupa.

*Mvuje.* Watu wa pwani tunaujua zaidi kama dawa ya bibi. Wahindi huuita "hing" na huupika. Ukitupa chembe ndogo kwenye mafuta ya moto, harufu yake mbaya hugeuka kuwa ladha inayokaribiana na kitunguu na kitunguu saumu. Nitaurudia hapo chini, kwa sababu kuna watu ambao kwao huu ni mkombozi.

Chakula kwa chakula

Kwa sambusa na katlesi: kurrath, nusu ya kiasi, iliyokatwa ndogo na kuchanganywa na nyama ikiwa imeshapoa. Ukiweka nyama ikiwa moto, majani hutoa maji na kulainisha manda. Kama hakuna kurrath, tumia kitunguu chekundu kilichokatwa kidogo sana, kitie chumvi, kikamue maji, kisha ongeza kotimiri.

Kwa kachumbari: vitunguu vidogo vyekundu, au kitunguu kikubwa kilichosuguliwa na chumvi na kusuuzwa.

Kwa mayai ya kukaanga, chipsi mayai na rolex ya Waganda: kurrath au kutsay, vikaangwe nusu dakika tu kabla ya kumwaga mayai.

Kwa supu na mchemsho: liki mwanzoni, na kitu cha kijani mwishoni.

Kwa sukuma wiki, mchicha na dagaa: kitunguu chekundu cha kawaida. Hapa usijisumbue, maana moto wa muda mrefu ungeua ladha ya majani hayo hata kama ungeyapata.

Sasa swali la pili: nani atakula?

Hili ndilo linalonifanya niandike. Kubadilisha kiungo kwa kawaida hakuna madhara. Lakini tunapokea wazazi wanaokuja kutembelea, tunaishi na wenzetu wenye maradhi yao, na wengine tunatumia dawa sisi wenyewe. Kuna watu wa namna nne ambao kwao mbadala usiofaa ni jambo la afya, si la ladha tu.

*Anayetumia warfarin.* Hii ni dawa ya kuzuia damu isigande. Nyumbani kwetu hutumiwa sana na watu waliowekewa vali za chuma kwenye moyo, wengine bado vijana, ambao vali zao ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Upasuaji wa namna hiyo unafanyika hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwenye vali ya chuma hutumia warfarin maisha yake yote.

Warfarin hufanya kazi kwa kupingana na vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye majani ya kijani. Hebu tazama tofauti kwa kila gramu 100 za kitu kibichi: majani ya vitunguu yana takribani maikrogramu 207, chaivu karibu 213, kotimiri karibu 310, na liki karibu 47. Kitunguu cha kawaida hakifiki hata 1. Na lile jani ambalo Waarabu huliita "bakdunis", linalofanana na kotimiri na kujaza saladi ya tabule hapa mjini, lina karibu 1,640.

Fanya hesabu ndogo. Mama amezoea majani ya vitunguu kama gramu 30 kwa siku kwenye mboga yake. Hizo ni maikrogramu 60 hivi. Ukimbadilishia gramu 30 za bakdunis, anapata karibu 490, mara nane zaidi. Akila hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, dawa inaweza kuzidiwa nguvu na damu ikaganda kwenye vali. Ukifanya kinyume chake, yaani ukamwondolea ghafla majani yote aliyoyazoea na kuweka kitunguu chekundu peke yake, dawa inaweza kuwa na nguvu kupita kiasi na akatokwa na damu.

Ushauri ni kula kiasi kinachofanana siku hadi siku, wala hakuna haja ya kuyakimbia majani. Mlo ukibadilika sana, kama unavyobadilika mtu akihamia nchi nyingine au mgeni akija kukaa miezi mitatu, aende kliniki apimwe INR mapema. Asiongeze wala kupunguza dawa mwenyewe. Ziko dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama apixaban na rivaroxaban, ambazo hazigombani na vitamini K. Kwa hiyo soma jina la dawa kwenye boksi kabla hujamnyima mtu mboga yake.

*Mwenye tumbo linalojaa gesi na kukata.* Kuna watu ambao utumbo wao hausumbuliwi na pilipili bali na kitunguu. Sababu ni aina ya wanga iitwayo fruktani, ambayo utumbo mdogo hauwezi kuisaga. Bakteria wa utumbo mpana huichachua, gesi ikajaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, ndio walioanzisha mpango wa mlo uitwao FODMAP kwa watu hawa. Kwenye mpango huo, sehemu ya kijani ya majani ya vitunguu inaruhusiwa, lakini ile nyeupe hairuhusiwi, wala kitunguu cha kawaida.

Umeona mtego? Mtu wa namna hii akikwambia hali vitunguu ila majani yake anayala, hadeki. Na majani yakikosekana, kitunguu chekundu ndicho mbadala mbaya kuliko zote kwake. Mpe chaivu, au sehemu ya kijani ya liki kwa kiasi kidogo, au mvuje. Njia nyingine ni kukaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu kwenye mafuta, kuvitoa vyote, kisha kupikia mafuta hayo. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo ladha hubaki na gesi hutoka na vipande. Tumia mafuta hayo siku hiyohiyo. Usiyaache mezani kwa siku kadhaa, kwani kitunguu saumu ndani ya mafuta kinaweza kuotesha bakteria wa sumu hatari sana.

*Mwenye mzio.* Mzio wa vitunguu ni nadra lakini upo. Anayepata vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi akila kitunguu anaweza kupata hivyohivyo kwa liki, kurrath, chaivu, kutsay na kitunguu saumu, maana wote ni ukoo mmoja. Kwake lazima utoke nje ya ukoo: tangawizi, pilipili hoho, kotimiri, mvuje. Mvuje si jamii ya kitunguu. Ila ule wa unga wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo kwa asiyekula ngano soma lebo.

*Mwenye presha.* Kidonge cha mchuzi si mbadala wa majani ya vitunguu. Angalia orodha ya viungo kwenye karatasi yake: mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na vidonge viwili kwenye sufuria ya watu wawili vinaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla hujatia chumvi yako.

Kuyaosha, kuyatunza na kuyaotesha

Ukiyapata, yaoshe vizuri. Majani haya huota karibu na udongo, hushikwa na mikono mingi, na mara nyingi huliwa mabichi. Mwaka 2003 huko Pennsylvania, Marekani, zaidi ya watu 550 waliugua homa ya ini ya aina A na watatu wakafariki baada ya kula kwenye mgahawa mmoja; chanzo kilikuwa majani mabichi ya vitunguu. Toa tabaka la nje, kata mizizi, osha kila jani chini ya maji yanayotiririka. Kuosha hupunguza hatari, hakuimalizi. Kupika hadi chakula kichemke ndiko kunakoua virusi hivyo. Kama una mgonjwa dhaifu ndani ya nyumba, mpe yaliyopikwa. Na chanjo ya ugonjwa huo ipo. Ulizia kituo chako cha afya.

Yakiwa ya bei nafuu wakati wa baridi, nunua mengi. Osha, yakaushe kabisa kwa kitambaa safi, katakata, tandaza kwenye sinia ndani ya friza hadi yagande, kisha yatie kwenye mfuko. Hayatakuwa na ule ukakamavu wa ubichi, lakini kwa sambusa, supu na mayai yanafaa hadi kiangazi. Yafungie kwenye vifungu vidogo ili usilazimike kuyayeyusha yote.

Na mwisho, mbadala bora kuliko zote nilizotaja huenda tayari uko kwenye kapu lako la vitunguu. Kile kitunguu kilichochipua ambacho ulitaka kukitupa, kiweke juu ya kikombe cha maji, sehemu ya mizizi tu iguse maji, au kizike nusu kwenye kopo la udongo lenye tundu chini. Kiweke dirishani ndani, penye mwanga lakini si kwenye jua kali la mchana la Julai. Badilisha maji kila siku. Kwa siku chache utaona majani marefu ya kijani, na hayo ndiyo majani ya vitunguu hasa. Kata unachohitaji kwa mkasi, acha mengine yaendelee. Hata mizizi ya fungu ulilonunua, ukiiacha na sentimita tatu za sehemu nyeupe, huchipua tena namna hiyohiyo. Kwa maji peke yake mavuno huwa mara mbili tatu kabla hayajachoka. Kwenye udongo hudumu zaidi. Tunguu lenyewe likilainika au likinuka, litupe.

Mwanafunzi mwenye chumba kimoja anaweza. Mama mwenye watoto anaweza kuwapa watoto kazi ya kubadilisha maji, na wakajua kitunguu kinatoka wapi. Na kama nyumbani kwako yuko anayetumia warfarin, andika jina la dawa yake kwenye karatasi na ubandike mlangoni mwa friji, ili kila atakayeshika zamu ya kupika alione kabla hajaamua leo anaweka nini badala ya nini.